Maradhi ya Mshipa wa Mguu: Sala ya Mgonjwa na Kurudi Kwake Kazini

Tumeletewa barua na kijana mmoja wa Madimba, katika Mkoa wa Mtwara, naye ametuomba tuijibu katika ukurasa huu ili na wengine wenye shida kama yake wapate kunufaika. Jina lake tumelificha kama alivyotaka. Asema kwamba baba yake ni mkwezi wa minazi tangu ujana wake, na kwamba katika miezi ya kiangazi huchukua mashine mgongoni akapulizia salfa mikorosho ya watu kwa ujira. Yapata miezi mitatu sasa mzee huyo amepatwa na maumivu yaanziayo kiunoni upande wa kushoto, yakapita takoni, yakashuka nyuma ya paja na muundi mpaka kwenye kidole kidogo cha mguu, kama waya uliotiwa motoni. Wiki sita za kwanza alilala kitandani, hakutoka ila kwa haja. Sasa maumivu yamepungua, lakini yamebaki mambo mawili yanayowatia mashaka watu wa nyumbani. Kwanza, mzee haendi tena msikitini, kwa kuwa aona haya kusali juu ya kiti mbele ya vijana ambao yeye mwenyewe aliwafundisha juzuu. Pili, madeni yapo, msimu wa kuokota korosho wakaribia, naye amekwisha sema kwamba wiki ijayo atapanda mnazi na mtu asimzuie.

Maswali ya kijana huyu ni manne. Je, ni kweli kwamba dawa ya maradhi haya ni mafuta ya mkia wa kondoo? Je, yafaa mtu asali kwa kukaa na hali watu wamwona akitembea kwenda dukani? Je, hapana budi apasuliwe? Na la mwisho, ni lini atakapoweza kukwea tena? Hatutayajibu kwa mpango huo, kwa sababu jawabu la moja limo ndani ya jingine.

Maradhi haya madaktari huyaita siatika. Waarabu tangu zamani huyaita irkun-nasaa, yaani mshipa wa nasaa, na Ibn al-Qayyim katika maandiko yake juu ya tiba ya Mtume (s.a.w.) ametaja kwamba jina hilo limetokana na kusahau, kwa kuwa maumivu yake humsahaulisha mtu maumivu mengine yote. Aliyepata kuugua hatauliza ushahidi zaidi. Kwetu Pwani hatuna jina moja: huyu asema ni kiuno, yule asema ni baridi yabisi, na wengine, kwa bahati mbaya, husema ni jicho la jirani au jini la mnazini. Tungependa wasomaji wetu wajue kwamba maradhi haya ni ya kale mno, na yamewapata watu watukufu kuliko sisi. Katika Sura ya Aali Imran, aya ya 93, Mwenyezi Mungu ametaja chakula alichojizuilia Israili, naye ni Nabii Yaakub (a.s.), kabla ya kuteremshwa Taurati. Wafasiri wengi, wakifuata riwaya zitokazo kwa Ibn Abbas, wameeleza kwamba Nabii Yaakub alikuwa akiugua irkun-nasaa, akaweka nadhiri kwamba akipona ataacha chakula akipendacho kuliko vyote, nacho ni nyama ya ngamia na maziwa yake. Ikiwa Nabii wa Mungu aliugua mguu wake, basi mzee wa Madimba hana sababu ya kuona haya, wala jirani zake hawana sababu ya kumtafutia mchawi.

Ama ugonjwa wenyewe, habari yake ni hii. Katika kiuno, baina ya pingili za uti wa mgongo, Mungu ameweka matandiko ambayo madaktari huyaita diski. Kila tandiko lina ganda gumu nje, na ndani lina kitu laini mfano wa uji mzito, na kazi yake ni kupokea uzito tunapoinama, tunapobeba na tunaporuka. Kando ya matandiko hayo hutoka mizizi ya mishipa ya fahamu, na mizizi kadhaa ya chini hukutana ikawa mshipa mmoja, ulio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, ambao hupita takoni na nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti mpaka kufika unyayoni. Ganda la tandiko likipasuka, ule uji hutokeza nje ukaugusa na kuuwasha mzizi wa mshipa. Na hapo mtu huumwa mguu na hali mguu wenyewe hauna kosa. Ndiyo sababu kuuchua mguu usiku kucha hakuleti faida kubwa. Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Tabibu wa Napoli aitwaye Domenico Cotugno aliandika kitabu mwaka 1764 akionyesha kwamba maumivu ya namna hii yatokana na mshipa wa fahamu wala si kiungo cha nyonga, lakini ilikuwa mpaka mwaka 1934 ndipo madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipobainisha kwamba ni tandiko lililotokeza ndilo liubanalo mzizi wa mshipa.

Mara nyingi maradhi haya huwapata watu wenye umri wa miaka baina ya 30 na 50, yaani wakati wa nguvu za kazi. Na kazi za watu wa Mtwara zimeutwika mgongo mzigo mkubwa. Mwenye kulima kwa jembe la mkono huinama saa nne au tano. Mvuvi wa Msimbati husukuma mtumbwi juu ya mchanga, kisha akavuta jarife lililojaa maji. Mama aokotaye korosho huinama na kuinuka mara elfu kwa siku, na jioni akajitwika alizookota. Tena kuna hiyo mashine ya salfa, ambayo bila yake ubwiri unga hula maua ya mikorosho: ina injini, ina tangi, hutetemeka juu ya uti wa mgongo asubuhi kutwa, na mwenye kuibeba hupinda kiuno huku na huku ili aelekeze upepo juu ya mti. Hatusemi kwamba mashine ndiyo iliyomwuguza mzee wetu, maana hata makarani wakaao vitini siku nzima huugua maradhi haya. Walakini mtu aliyekwisha kuugua, mashine hiyo si ya kwanza kuirudia.

Sasa tuseme juu ya kitanda. Wazee wetu, na madaktari wengi vile vile mpaka miaka si mingi iliyopita, walidhani kwamba dawa ya kwanza ya mgonjwa huyu ni kulala chali wiki nyingi asitikisike. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walitoa habari za uchunguzi wao juu ya wagonjwa 183. Nusu waliamriwa walale kitandani wiki mbili. Nusu waliachwa waendelee na shughuli zao kadiri walivyoweza. Baada ya wiki 12, katika kila kundi wagonjwa 87 katika kila 100 walisema wamepata nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu. Tena twajua kwamba mtu akilala siku nyingi, nyama za mgongo na mapaja hulegea, na moyo nao huingiwa na hofu, hata ikawa kila akigeuka adhani kiuno kitakatika. Basi siku mbili tatu za mwanzo, maumivu yakiwa makali, alale kwa namna impayo raha. Wengi huona nafuu wakilala ubavu na mto baina ya magoti. Baada ya hapo ainuke, atembee ndani ya nyumba, kisha uani, kisha barazani kwa jirani. Kutembea kidogo mara nyingi ni bora kuliko kutembea sana mara moja. Wiki sita alizolala mzee wa Madimba zimempunguzia nguvu ambazo itambidi azirudishe kabla hajafikiri habari ya mnazi.

Kuhusu kupasuliwa, kijana wetu asiogope. Ule uji uliotokeza, mara nyingi mwili wenyewe huusharabu polepole mpaka ukanywea, na walio wengi hupata nafuu bila ya kisu katika wiki sita mpaka 12. Uholanzi hiyo hiyo, mwaka 2007, walitangaza habari za wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali kwa wiki sita mpaka 12. Kundi moja lilipangiwa kupasuliwa mapema, kundi la pili kungojea na kutibiwa bila ya kisu. Waliopasuliwa mapema walipona upesi zaidi. Lakini mwaka ulipotimia, katika kila kundi wagonjwa 95 katika 100 walisema wamepona. Na katika kundi la kungojea, 39 katika 100 hatimaye walipasuliwa, kwa kuwa maumivu yao hayakuvumilika. Maana yake ni kwamba kisu si haramu wala si faradhi: ni njia ya kufupisha maumivu kwa yule ambaye amengoja na hakupata nafuu. Mwenye nafuu, kama mzee huyu, hana haja ya kuikimbilia. Akiihitaji, ataanzia Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo, Mtwara, na huko ndiko watakakoamua kama hapana budi aende Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Lakini yako mambo ambayo hayangojei, na hapa twaomba kila mwenye nyumba asome kwa makini na awasomee wasiojua kusoma. Ikiwa mgonjwa wa kiuno atashindwa kukojoa, au mkojo au choo kumtoka bila ya kujua. Au miguu yote miwili italegea. Au atapata ganzi mahali anapokalia, baina ya mapaja, basi hiyo si siatika ya kungojea. Mishipa yote ya chini imebanwa, na akicheleweshwa aweza kubaki hivyo maisha yake yote. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku, hata ikiwa ni kwa kukodi gari kwa deni. Sisi Waislamu tuna dalili iliyo karibu nasi, ambayo wengine hawana: mtu akiwa anastanji, na maji yapita mahali pake asiyahisi, au ayahisi upande mmoja tu, asione haya kumwambia mkewe au mwanawe saa ile ile. Haya ya namna hiyo imewalemaza watu. Hali kadhalika mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, na achunguzwe kifua kikuu, kwa maana ugonjwa huo hushika hata pingili za mgongo, na katika nchi yetu bado upo. Na mkwezi aliyeanguka, hata akiinuka na kutembea, asipakwe mafuta nyumbani. Na apigwe picha kwanza.

Turudi kwenye mafuta ya mkia wa kondoo. Ndiyo, ipo hadithi katika mkusanyo wa Ibn Majah, itokayo kwa Anas bin Malik, kwamba tiba ya irkun-nasaa ni mkia wa kondoo wa mabedui uyeyushwe, ugawanywe mafungu matatu, na anywe fungu moja kila siku kabla ya kula. Hatumkatazi mtu kufuata lililopokewa kwa Mtume (s.a.w.), wala hatumpi ruhusa mtu ye yote kulicheka. Lakini Ibn al-Qayyim, ambaye hakuwa mtu wa kuichezea Sunna, aliifafanua akasema kwamba maneno haya yaliwahusu hasa Waarabu wa Hijazi na walio jirani nao, hususan mabedui, kwa hali ya nchi yao na miili yao na malisho ya kondoo wao. Basi anayetaka kunywa na anywe kwa nia njema, siku tatu si nyingi. Ila mwenye ugonjwa wa nyongo au wa moyo amwulize daktari kwanza. Lisilofaa ni kuyafanya mafuta hayo kuwa sababu ya kutokwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) huyo huyo alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawajulisha kwamba Mungu hakuleta maradhi ila ameyaletea dawa, isipokuwa uzee.

Twaogopa zaidi tiba nyingine tunazoziona mitaani. Kuna desturi ya kumlaza mgonjwa kifudifudi, kisha mtoto akapanda akatembea juu ya mgongo wake. Mwenye uchovu wa kawaida huona raha, lakini mwenye tandiko lililopasuka aweza kuinuka na mguu uliopooza. Kuna kuchoma kwa moto na kukanda kwa mawe ya moto: ngozi iliyoingia ganzi haihisi kuungua, na tumepata kuona kidonda kibaya kilichodumu kuliko hata maradhi yenyewe. Kitambaa cha maji ya vuguvugu chatosha, na aliyejaribu joto lake awe ni mtu mwingine kwa mkono wake mzima. Kuumika, ambako ni hijama, kumesuniwa, lakini wembe uwe mpya na mikono iwe safi, wala mtu asidhani kwamba damu itokayo itarudisha tandiko mahali pake. Na kuna sindano za takoni zidungwazo na kila mwenye kibanda cha dawa. Mshipa huu wapita takoni. Sindano ikidungwa pasipo mahali pake huweza kuujeruhi, na ugonjwa wa wiki 12 ukawa kilema. Hata vidonge vya kutuliza maumivu, mtu akivimeza kila siku pasipo daktari kujua, huchoma tumbo na kuumiza figo. Wala bei ya dawa si dalili ya nguvu yake: madaktari wa Australia mwaka 2017 walitangaza kwamba pregabalini, ambayo wagonjwa wengi wa siatika huandikiwa na kuinunua kwa fedha nyingi, walipoijaribu kwa wagonjwa 209 haikupunguza maumivu ya mguu kuliko kidonge kisicho na dawa.

Ama sala, hapa ndipo moyo wa barua ulipo, na hapa ndipo tungetaka kukaa kidogo.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Imran bin Huswain alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamwuliza Mtume (s.a.w.) habari ya sala, naye akamwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa kulala ubavu. Na imepokewa vile vile kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipata kuanguka kutoka juu ya farasi akaumia ubavu, akasali kwa kukaa. Je, nani katika mji wa Madimba aliye na heshima ya kuogopa kuipoteza kuliko yeye? Mzee huyu amewafundisha vijana juzuu. Leo Mungu amempa nafasi ya kuwafundisha mlango mwingine ambao hawatausahau, nao ni sala ya mgonjwa, na somo lenyewe ni kule kukaa kwake kitini katika safu. Kujificha nyumbani ndiko kutakakowafundisha vibaya, kwa maana nao siku moja wataugua, na watafuata waliloliona.

Lakini ruhusa ina mpaka wake, na mpaka huo ndio jawabu la swali la pili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi huku kwetu, kusimama ni nguzo ya sala ya faradhi kwa mwenye uwezo. Mwenye kushindwa, au mwenye kupata mashaka makubwa yanayomwondolea utulivu wa sala, hukaa. Mwenye kuweza kusimama na asiweze kuinama, husimama, kisha akaashiria rukuu na sijida kadiri awezavyo, na sijida aifanye chini kuliko rukuu. Tena, mwenye kusali kwa kukaa akipata nguvu katikati ya sala, huinuka hapo hapo akaikamilisha kwa kusimama. Tazama jinsi sharia ilivyo na huruma na ilivyo na uangalifu. Haikumwambia mgonjwa kwamba ama ni mzima ama ni kiwete. Imempimia kila nguzo mbali, na kila wakati mbali: alichoweza akifanye, alichoshindwa amesamehewa, na kesho apime tena. Kutembea kwenda dukani hakumwondolei mtu ruhusa ya kutosujudu, kwa kuwa kiuno chaweza kubeba mwendo na kisiweze kupindwa. Kadhalika kushindwa kusujudu hakumpi ruhusa ya kukaa wakati wa kisomo ikiwa aweza kusimama. Na kwa kuwa hutoka na kutembea, sala ya Ijumaa aihudhurie, kiti atakipata.

Mzee huyu, asema mwanawe, hushindwa zaidi katika sala ya alfajiri, naye amefasiri kwamba ni udhaifu wa imani. Si hivyo. Usiku mtu anapolala, yale matandiko ya mgongo hunywa maji yakavimba, na asubuhi huwa yamejaa, hata mtu mzima huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Basi kuinama katika saa ya kwanza baada ya kuamka huyakaza kuliko kuinama adhuhuri. Kwa hiyo hapana ajabu akisali alfajiri kwa kuashiria sijida, na adhuhuri akaweka paji la uso chini. Na aamke mapema kidogo, atembee ukumbini, atawadhe kwa kusimama na birika liwe juu ya meza, asiinamie ndoo. Wakulima wetu hushika jembe pindi kunapokucha. Mwenye kiuno na akawie saa moja, atembee shambani akitazama mazao, ndipo ainame.

Mwendo wa kwenda msikitini twauhesabu kuwa dawa. Mtu ambaye msikiti uko umbali wa dakika tano hutembea mara kumi kwa siku, kwenda na kurudi, na kati yake hupumzika. Hapana mtaalamu wa mazoezi ya viungo angempangia mgonjwa huyu mpango bora kuliko huo. Na amepokea Abu Musa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mtu akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa ibada alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima na mkazi. Hivyo mzee wetu asihesabu miezi hii kuwa hasara, ikiwa zamani zile alikuwa akisimama.

Tumefika kwenye mnazi. Tulipoisoma barua, mmoja wetu alikumbuka kwamba huko Ulaya, wagonjwa wa siatika huwauliza madaktari wao ni lini watarudi kwenye mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni. Ni mchezo tu, lakini jawabu wanalopewa lafaa mkwezi kuliko mtu ye yote: wasitazame maumivu peke yake, watazame nguvu ya mguu. Mara nyingi maumivu hutangulia kuondoka, na ganzi na udhaifu zikabaki nyuma. Mtelezaji ambaye mguu wake hauna nguvu huanguka juu ya theluji. Mkwezi ambaye unyayo wake hauhisi kidato huanguka kutoka juu ya mnazi mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu.

Basi rai yetu ni hii. Wiki ijayo asipande. Kwanza na ajaribiwe chini, mbele ya mwanawe. Asimame kwa mguu mbovu peke yake, akishika ukuta kwa kidole, ainue kisigino asimame kwa ncha ya vidole mara kumi. Kisha afanye hivyo kwa mguu mzima, na tofauti itajionyesha. Kisha atembee hatua ishirini kwa visigino, vidole vikiwa juu. Kisha afumbe macho, na mwanawe aguse ukingo wa unyayo na kidole kidogo kwa pamba, naye aseme ameguswa wapi. Ikiwa moja katika haya lampiga chenga, hana mnazi, hata ikiwa hana maumivu kabisa. Na ikiwa udhaifu wazidi siku hata siku, aende hospitali asingoje. Akifaulu yote, na akaweza kutembea nusu saa, na kuchuchumaa na kuinuka bila ya kushika kitu, aanze mazoezi ya kazi: wiki mbili za kuinua vitu vyepesi, magoti yakipindwa na mzigo ukiwa karibu na kifua, kisha mnazi mfupi, mmoja, asubuhi ikiwa imekwisha pevuka, mti ukiwa mkavu, na mtu mwingine yuko chini. Juu kule, kuchukua panga na kupinda kiuno kukata karara ndiko kwenye hatari kuliko kupanda kwenyewe. Na asogeze miguu kwenye kidato kingine aelekee kichala, asijinyonge kiuno. Maumivu ya kiuno yakiongezeka kidogo jioni na asubuhi yakawa yamekwisha, aendelee. Yakishuka tena mguuni, arudi nyuma hatua moja, si kitandani.

Mashine ya salfa twamshauri aiache msimu mzima ujao, na pengine aiache moja kwa moja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya mkoa atamwonyesha namna ya kukaza nyama za tumbo na mgongo, na mara mbili tatu za kwenda kwake zatosha kama mgonjwa atafanya nyumbani aliyoonyeshwa.

Lakini twajua vema kwamba maneno haya yote hayatamzuia mtu mwenye deni na watoto. Mzee hapandi mnazi kwa kupenda urefu wake. Basi hapa twamgeukia kijana mwenyewe, na ndugu zake, na wanaosali naye. Wewe mwanetu, ikiwa umejifunza kukwea, kwea badala yake msimu huu, na fedha mpe mkononi yeye azigawe, ili cheo chake cha mwenye nyumba kisipungue. Naye akae chini ahesabu nazi na kupatana bei, kazi ambayo bila shaka aijua kuliko wewe. Korosho zenu ziokotwe kwa ujima. Mwenye kumdai na amwongezee muda, kama Kurani Tukufu inavyoamuru kwa mdaiwa aliye katika dhiki, na wenye mali wa mji wakumbuke kwamba wadaiwa walioshindwa kulipa wamo katika wale wanane wanaostahiki zaka. Imamu naye, kabla ya Ijumaa, aweke viti viwili vitatu mwishoni mwa safu ya kwanza bila ya kumtaja mtu.

Zimebaki mkononi mwetu barua mbili, moja ya mama wa Lindi aulizaye habari ya mjamzito mwenye maumivu ya nyonga na funga ya Ramadhani, na nyingine juu ya mafundi cherehani na maumivu ya shingo. Hizo tutazijibu mwezi ujao, insha Allah.